UZI: Jinsi helikopta nyepesi ilivyopunguzwa vyuma, kutoka Alouette II hadi Écureuil

Mzee wa Spana

Wakuu, salaam.

Humu kila mjadala wa helikopta ukianza, muda si mrefu watu wameshahamia kwenye farasi za injini na kasi. Mimi kazi yangu imekuwa juu ya mashine, siyo ndani yake: tochi mkononi, kitambaa mfukoni, shingo imepinda. Ukiniuliza pa kuangalia ili ujue helikopta nyepesi imeundwa na watu wa aina gani, sikupeleki kwenye injini wala kwenye vioo vya mbele. Panda juu uangalie kichwa cha rota, pale mapanga yanapofungwa kwenye shafti, kisha hesabu vitu vinavyohitaji grisi.

Nauchukua ukoo mmoja wa Kifaransa: Alouette II, Lama na Écureuil. Humo utaona kiwanda kile kile kikipambana na tatizo lile lile kwa miaka 20. Mjerumani atapita katikati na Bo 105 yake, maana bila yeye habari haikamiliki. Naandika kwa vipande, maswali ruksa.

Kwanza tatizo lenyewe.

Rota ya Écureuil ina kipenyo cha mita 10.69 na inazunguka karibu mara 390 kwa dakika. Piga hesabu: ncha ya panga inakata hewa kwa kama kilomita 780 kwa saa, na hapo mashine imetulia tu hewani, haijaenda popote. Sasa ianze kwenda mbele kwa kilomita 240 kwa saa. Panga linaloelekea mbele linakutana na hewa kwa 1,020, lile linalorudi nyuma linakutana nayo kwa 540. Nguvu ya kunyanyua inakwenda na mraba wa kasi. Maana yake upande mmoja ungenyanyua zaidi ya mara tatu ya upande wa pili, na mashine ingelala ubavu kabla haijafika popote.

Juan de la Cierva, Mhispania, alilikuta jambo hili kwenye otojiro zake (ndege zenye rota inayozungushwa na hewa tu, si injini), na mwaka 1923 ikaruka ile yenye dawa: bawaba kwenye shina la panga. Panga likizidiwa linapanda, likipungukiwa linashuka, mambo yanajisawazisha yenyewe.

Safi, ila dawa ina madhara. Panga likipanda, uzito wake unasogea karibu na shafti, kwa hiyo linataka kukimbia. Likishuka linataka kuchelewa. Ukilibana lisifanye hivyo, chuma cha shina kinachoka na kupasuka. Basi unaongeza bawaba ya pili ili liende mbele na nyuma kidogo, pamoja na dampa ya kulituliza. Halafu rubani naye lazima aweze kuligeuza pembe, hiyo ni beringi nyingine. Zidisha vyote kwa mapanga matatu. Na vyote vinafanya kazi huku kila panga likivuta kutoka nje kwa nguvu ya tani kadhaa, vumbi linaingia, na grisi yenyewe inarushwa nje na mzunguko.

Huo ndio urithi aliokabidhiwa karibu kila mtu aliyetaka kuunda helikopta ya mapanga matatu baada ya Vita Kuu ya Pili.

kichuguu

Nimeweka kambi mkuu. Ila mbona rota za mapanga mawili hazina huo utitiri? Bell 206 na Robinson vichwa vyake vimekaa kirahisi tu.

Mzee wa Spana

@kichuguu ni kweli, na ndiyo maana zimeuzwa sana. Hiyo ni rota ya bembea: mapanga mawili yameshikana, yananing'inia kwenye bawaba moja ya katikati, moja likipanda lingine linashuka. Nyepesi, rahisi, fundi anaielewa mapema. Frank Robinson alijenga R22 juu ya wazo hilo, ikaruka mara ya kwanza 1975, na akaongezea bawaba moja kwa kila panga.

Bei yake iko hapa. Rota ya namna hiyo inauamuru mwili wa mashine kwa kuvuta tu. Rubani akisukuma fimbo mbele ghafla mpaka uzito upotee, rota haivuti kitu, kwa hiyo haimwamuru mtu. Lakini rota ya mkia bado inasukuma, na mwili unaanza kulala kulia. Rubani kwa mazoea anapeleka fimbo kushoto. Rota inalala kushoto, mwili haufuati, na kichwa kinagonga shafti. Shafti imeshakatika hivyo angani zaidi ya mara moja. Mwaka 1995 FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, ilitoa kanuni maalumu ya mafunzo kwa marubani wa R22 na R44, na jambo hili ni mojawapo ya yaliyolengwa.

Kichwa cha mapanga matatu chenye bawaba zilizosogezwa nje ya katikati kinaushika mwili hata pale uzito unapopotea. Ndiyo maana Wafaransa walivumilia utitiri wa vyuma. Sasa tuendelee.

ALOUETTE II

Kampuni ilikuwa SNCASE, watu wakaizoea kama Sud-Est. Walianza na SE 3120, mashine ya injini ya pistoni ya Salmson yenye farasi 200. Jean Boulet, rubani wao wa majaribio, aliirusha mwaka 1953 akaweka rekodi ya umbali kwa mzunguko uliofungwa, kilomita 1,252. Ikasifiwa. Ikawa pia ngumu kuitunza, na nguvu haikutosha kwa kazi halisi.

Joseph Szydlowski wa Turbomeca wakati huo alikuwa na kitu kidogo kinachoitwa Artouste, turbini. Wakaiweka mgongoni mwa mashine, nyuma ya shafti ya rota, na tarehe 12 Machi 1955 Boulet na mwenzake Henri Petit wakairusha SE 3130, ndiyo Alouette II. Tarehe 6 Juni mwaka huo huo ilikuwa imefika mita 8,209. Hakuna helikopta ya turbini iliyoingia kiwandani kwa wingi kabla yake. Zilitoka zaidi ya 1,300.

Angalia picha yake utaona turbini ilivyobadilisha umbo zima. Injini ya pistoni ni nzito, inataka feni kubwa ya kuipoza, inakaa chini au katikati na kula nafasi ya watu. Artouste inakaa juu, nje, wazi kabisa. Mbele pakabaki kioo kitupu cha mviringo na viti vitano, nyuma mkia wa mabomba yaliyounganishwa bila ngozi. Mashine ina mifupa nje. Watu wanaiona mbaya, mimi naiona ya heshima: fundi akisimama pembeni anaona kila kitu bila kufungua kifuniko hata kimoja.

Na kuna jambo ambalo marubani wa pistoni walilifurahia kuliko yote. Artouste ina shafti moja, kompresa na turbini na njia ya kwenda gia boksi vyote vimeshikana, na gavana inashikilia mzunguko ule ule muda wote. Rubani anainua wenzo wa mkono wa kushoto, ule unaoongeza pembe ya mapanga yote, na mafuta yanajiongeza yenyewe. Kwenye mashine za pistoni za wakati ule mkono huo huo ulikuwa unainua na kuzungusha mpini wa mafuta kwa wakati mmoja, sekunde hata sekunde, jicho kwenye saa ya mizunguko.

Ubaya: injini inayozunguka kasi ile ile iwe na mzigo au haina, inakunywa. Artouste inakunywa sana.

DadaWaAnga

Kaka Spana, unaona sasa? Umesema si injini, halafu umemaliza aya nne ukisifia injini. Bila turbini ile Alouette isingefika mlima wowote. Sema ukweli tu.

Mzee wa Spana

Dada, injini nayo ina haki yake, na nimeipa! Tena nakuongezea silaha. Julai 1956 Alouette II ilitua karibu na kibanda cha Vallot pale Mont Blanc, mita 4,362, ikamshusha mpanda mlima aliyekuwa mgonjwa. Tarehe 31 Desemba 1956, mlima huo huo, helikopta kubwa ya Sikorsky S-58 ilianguka ikijaribu kuwafikia vijana wawili waliokwama, Jean Vincendon na François Henry. Alouette II ndizo zilizokuja kuwatoa wafanyakazi wa ile S-58 na waokoaji waliokuwa nao. Vijana wawili wenyewe hawakuokolewa, wakafia kwenye theluji, na Ufaransa nzima ikauliza maswali. Baada ya hapo uokoaji wa milimani kule ukapangwa upya, na helikopta ikawa sehemu yake.

Kwa hiyo injini, ndiyo. Lakini twende juu kwenye kichwa. Alouette II ina mapanga matatu, bawaba za kupanda na kushuka, bawaba za mbele na nyuma, dampa, na kebo nyembamba za chuma zinazounganisha panga na panga ili nafasi kati yao isipotee. Fundi wa mashine hiyo anaishi na bomba la grisi. Anapiga mpaka grisi mpya itokee upande wa pili, anafuta, anahamia nipeli inayofuata, na ukiisha mzunguko mzima kuna mwingine unakungoja baada ya saa chache za kuruka. Injini ilikuwa ya zama mpya. Kichwa kilikuwa bado cha de la Cierva.

ngurumo_77

Lama ni hiyo hiyo Alouette II au? Nimeona picha zinafanana.

Mzee wa Spana

@ngurumo_77 zinafanana kwa sababu ni mwili wa Alouette II ulioimarishwa, ukavishwa injini, gia boksi na rota za Alouette III. Wahindi walitaka mashine ya Himalaya mwaka 1968. Ikaruka 17 Machi 1969, na HAL, kiwanda cha ndege cha kule India, ikaitengeneza kwa jina la Cheetah.

Hapa pana somo la uundaji ninalolipenda. Artouste IIIB ya kwenye Lama ina uwezo wa farasi 870, lakini wameibana isitoe zaidi ya 550. Mtu atasema ni ubadhirifu. Hapana. Hewa ikiwa nyepesi, injini yoyote inapoteza nguvu kadiri unavyopanda. Injini ya 550 kamili inaanza kupungua hapo hapo unapoondoka chini. Injini ya 870 iliyobanwa kwenye 550 inapanda na kupanda ikiwa bado inatoa 550 zake, kwa sababu ina akiba. Na gia boksi, ambayo ndiyo sehemu nzito na ghali, unaiunda kwa ajili ya 550 tu.

Matokeo: tarehe 21 Juni 1972 Boulet yule yule alipanda na Lama iliyovuliwa kila kisichohitajika mpaka mita 12,442. Nje baridi ilikuwa zaidi ya nyuzi 60 chini ya sifuri. Alipopunguza nguvu ili aanze kushuka, injini ikazimika, na haikuwaka tena. Akashuka kilomita 12 zote bila injini.

kichuguu

Subiri kwanza. Kilomita 12 bila injini na akatua mzima? Helikopta ikizimika si inadondoka kama jiwe?

DadaWaAnga

Haidondoki, mdogo wangu. Ngoja nimsaidie kaka. Injini ikizimika, unashusha wenzo wa kushoto mara moja ili mapanga yalale, yasibane hewa. Mashine inashuka, na hewa inayopita chini kwenda juu ndiyo inayoendelea kuizungusha rota. Gia boksi ina kifaa kinachoiachia rota izunguke peke yake bila kuburuta injini. Ukikaribia ardhi unavuta pua juu kuua kasi, kisha unainua wenzo na kutumia mzunguko uliobaki kwenye mapanga kutua. Una nafasi moja tu. Mzunguko ukiisha umeisha.

Ndiyo maana marubani hatupendi kuelea chini chini bila kasi. Ukiwa juu una muda, ukiwa chini kabisa una mahali pa kutulia. Katikati huna muda wala kasi. Kila mashine ina mchoro wake kwenye kitabu unaokuonyesha eneo hilo la kukwepa.

Mzee wa Spana

Ahsante dada, umelieleza kuliko ambavyo ningelieleza. Na ongeza kwamba mapanga mazito yanakuachia sekunde zaidi kwenye ile nafasi moja. R22 ina mapanga mepesi, inataka mikono ya haraka.

Sasa Mjerumani.

BO 105

Bölkow wao waliuliza swali la ukorofi: kama panga lenyewe linaweza kupinda, bawaba za nini? Faibaglasi ilikuwa imeanza kukomaa. Ukipanga nyuzi zake vizuri, inapinda mamilioni ya mara bila kuchoka kwa namna chuma kinavyochoka. Na ikianza kuharibika inaharibika polepole, inaonekana kwa macho, wakati ufa kwenye chuma unaweza kukua kimya kimya mpaka siku yake.

Prototaipu ya kwanza walikuwa wameifunga kichwa cha kawaida chenye bawaba, na iliharibika kwenye majaribio kwa ule mtikisiko wa ardhini. Kwa wasioujua: mashine iko chini, rota inazunguka, mapanga yenye bawaba za mbele na nyuma yakipoteza mpangilio, uzito wa rota unatoka katikati. Mwili unaanza kuyumba juu ya miguu yake. Kuyumba kunayavuruga mapanga zaidi, mapanga yanauyumbisha mwili zaidi. Mambo haya yanamalizika kwa sekunde chache na unabaki na chuma chakavu.

Ya pili, yenye kichwa kipya, iliruka 16 Februari 1967. Kichwa ni pande la titani, mapanga manne ya faibaglasi, hakuna bawaba ya juu na chini, hakuna ya mbele na nyuma. Zimebaki beringi za kugeuza pembe tu. Mashine inatii fimbo papo hapo, kiasi kwamba kuna marubani wanaipindua kichwa chini miguu juu kwenye maonyesho. Injini mbili za Allison 250, mkia umewekwa juu, na nyuma ya mwili kuna milango miwili inayofunguka, machela inaingia moja kwa moja. Ndiyo hiyo ADAC, chama cha wenye magari cha Ujerumani, waliyoifanya helikopta yao ya kwanza ya uokoaji, Christoph 1, kule München tarehe 1 Novemba 1970.

Lakini titani ni ghali na ngumu kuchonga. Na kichwa kigumu kinaupeleka mkazo wote kwenye shafti, mpaka ikabidi wamwekee rubani geji ya kumwonyesha shafti inapindwa kiasi gani. Mtetemo nao upo, muulize aliyekaa nyuma.

ngurumo_77

Kwa hiyo Mfaransa akaiga?

Mzee wa Spana

Alishirikiana naye kwanza, kwenye Gazelle, helikopta nyingine nyepesi ya Kifaransa, iliyoruka 7 Aprili 1967. Halafu akaenda njia yake.

ÉCUREUIL

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ilikuwa imeshakuwa Aérospatiale na hali ya soko haikuwa nzuri kwao. JetRanger ya Bell, ndiyo ile Bell 206, ilikuwa inauzwa kila mahali. Ile mashine ilizaliwa kwenye shindano la jeshi la Marekani la helikopta nyepesi ya upelelezi. Hughes ndiye aliyeshinda shindano mwaka 1965, Bell akaenda akaivisha mashine yake mwili mpya mzuri, ikaruka Januari 1966, na raia wakaigombea. Kushindwa kwenye shindano hakujawahi kumlipa mtu vizuri kiasi hicho.

René Mouille, mhandisi mkuu wa mradi wa Écureuil, alipewa kazi tofauti na zilizozoeleka: mashine ishindane kwa bei na gharama ya matunzo. Watu wa kiwandani na watu wa manunuzi wakaingizwa kwenye chumba cha michoro tangu siku za mwanzo. Mabati yakakunjwa kwa mbinu za viwanda vya magari. Cabin ikaumbwa kwa plastiki ngumu badala ya kugongwa na kupigwa ribiti sehemu kwa sehemu. Prototaipu ya kwanza iliruka Marignane tarehe 27 Juni 1974 na injini ya Lycoming LTS101, ya pili 14 Februari 1975 na Arriel ya Turbomeca. Wamarekani wakauziwa ile ya Lycoming kwa jina la AStar, wengine wakapata Arriel, na hatimaye Arriel ndiyo iliyobaki mezani. Arriel imegawanywa kwa moduli tano. Moduli moja ikichoka unaitoa hiyo, injini haifungwi yote kwenye sanduku kurudishwa kiwandani.

Sasa kichwa. Kinaitwa Starflex, na hapa nitakaa.

Katikati pana nyota ya faibaglasi yenye mikono mitatu. Mkono huo ni mgumu kwa mbele na nyuma, mlaini kwa juu na chini: panga likitaka kupanda, mkono unapinda. Bawaba ya kwanza imekwenda. Karibu na katikati, ndani ya tundu la nyota, kuna beringi ya mviringo iliyotengenezwa kwa matabaka ya raba na chuma yaliyogandishwa pamoja. Hiyo ndiyo inayobeba zile tani za kuvuta, na bado inaruhusu panga lipande, lisogee na ligeuke pembe. Haina mipira ya chuma, haina grisi, haina oil seal ya kuvuja. Kwenye ncha ya mkono kuna vipande vya raba vilivyobanwa kati ya mkono na sahani mbili zinazoshika panga. Panga likienda mbele au nyuma, raba inavutika kwa ubavu na kurudi. Hiyo ni bawaba ya pili na dampa yake, vyote vimekwenda kwa mpigo mmoja.

Na rota ya mkia? Mapanga mawili juu ya mti mmoja wa faibaglasi unaopinda na kujisokota. Hakuna bawaba hata huko.

Ukaguzi wa asubuhi umebaki hivi: unapanda, unapitisha tochi kwenye mikono ya nyota ukitafuta nyuzi zilizoachana au rangi iliyopasuka kwa mstari, kisha unaangalia kingo za zile beringi za raba. Ukikuta unga mweusi mdogo mdogo au raba imetoka nje kama imevimba, unafungua kitabu kuona kama bado iko ndani ya kiwango. Unafuta mikono, unashuka. Bomba la grisi halikuhusika na bawaba hata moja.

DadaWaAnga

Sawa kaka, nakubali kichwa ni kizuri. Lakini usiwaambie watu nusu. Écureuil ya haidroliki moja, yaani mfumo mmoja tu wa mafuta ya shinikizo unaomsaidia rubani kusukuma fimbo, ina tabia yake. Ukiwa mzito, una kasi, hewa nyepesi, na ukaikata kona kali, mapanga yanadai nguvu kuliko haidroliki inavyoweza kutoa. Fimbo inakuwa ngumu ghafla kana kwamba imekamatwa, pua inainuka, mashine inalala kulia, wenzo wa kushoto unashuka wenyewe. Kama kona ilikuwa ya kulia, inakuzidishia. Ukilegeza inarudi, ila kama uko kwenye bonde jembamba huna pa kulegezea.

Mzee wa Spana

Kweli kabisa, na sina la kuipunguza. Mashine iliyoundwa kwa bei ilipewa haidroliki moja, matoleo ya baadaye ndiyo yakaja na mbili.

Na kama tunasema yote: matangi. Mwaka 1994 Marekani walianza kudai mifumo ya mafuta isiyopasuka kwenye ajali, lakini kwa miundo mipya tu. Écureuil ilikuwa imeshapata cheti zamani, kwa hiyo iliendelea kutoka kiwandani kihalali kabisa na tangi lake la plastiki la zamani. Watu wameungua kwenye ajali ambazo mwili ungehimili. Matangi magumu ya kubadilishia yalikuja baadaye. Hapo simtetei mtu: kanuni ilikuruhusu kuuza mashine mpya yenye usalama wa miaka ya 1970, na wenye viwanda wakaitumia ruhusa hiyo.

kichuguu

Hii ndiyo iliyotua Everest au ni porojo?

Mzee wa Spana

Si porojo. Tarehe 14 Mei 2005, Didier Delsalle, rubani wa majaribio wa Eurocopter, kampuni ya Wafaransa na Wajerumani walioungana, aliweka AS350 B3, toleo la Écureuil, juu kabisa ya kilele. Skidi, ile miguu ya kutulia, zilikaa pale dakika 3 na sekunde 50. Mapanga hayakusimama, alikuwa ameishikilia kwa nguvu za rota muda wote kwa sababu hakujua theluji ile ina nini chini yake. Kesho yake akarudia.

Na dada, kabla hujaandika: ndiyo, B3 ina Arriel 2 ya zaidi ya farasi 800 kwenye mashine ambayo uzito wake wote, pamoja na mzigo, ni tani mbili na ushee. Ni ule ujanja wa Lama, akiba ya injini. Lakini kichwa kilichokuwa juu yake kule ni Starflex.

DadaWaAnga

Hahaha, nilikuwa nimeshaanza kuandika. Basi jibu hili: kama vyuma kupungua ndiyo maendeleo, mbona hawakuishia Starflex?

Mzee wa Spana

Hawakuishia. Wajerumani waliendelea na BO 108, iliyoruka Oktoba 1988, wakaondoa hata beringi ya kugeuza pembe. Shina la panga lenyewe linajisokota. EC135 iliyoruka 15 Februari 1994, baada ya Wafaransa na Wajerumani kuungana kuwa Eurocopter, ilikirithi kichwa hicho, ikachukua na ile rota ya mkia ya Kifaransa iliyofichwa ndani ya duara.

Ni kazi ya akili, nakubali. Ila kazi zote tatu, kupinda juu, kupinda mbele na kujisokota, amepewa shina la panga peke yake. Likipata kasoro, unatoa panga zima la bei mbaya. Kwenye Starflex raba ikichoka nabadilisha raba, nyota ikichoka nabadilisha nyota, panga linabaki. Kwa mashine ya injini moja inayobeba mizigo kwa kamba siku nzima mbali na karakana, nachagua Starflex.

Mkia uliofichwa unataka uzi wake. Mwenye picha za karibu za mkia wa Gazelle, nao ni wa namna hiyo, atupie.